Kura Zimeshahesabiwa, Jaji Anataka Nini Tena?

Kijiwe chetu cha kahawa kiko Ngamiani, hapa Tanga, kwenye kona ambako fundi baiskeli ametandaza spana zake tangu mimi nikiwa mtoto. Baada ya Alasiri wazee hujipanga kwenye benchi, kijana mmoja husoma habari za kwenye simu kwa sauti, na sisi wengine tunakunywa kahawa chungu, tunatafuna kashata na kubishana. Siku hiyo kijana alisoma habari za Marekani: jinsi mahakama za huko zilivyowahi kufuta sheria ambazo wananchi wenyewe walizipigia kura. Hazikuwa sheria za bunge. Zilikuwa sheria za kura ya maoni, kila mtu na karatasi yake, ndiyo au hapana.

Fundi aliweka pampu chini. "Sasa hiyo demokrasia gani? Wahenga walishasema, wengi wape. Mamilioni wanasema ndiyo, anatokea mtu mmoja na joho lake anasema hapana. Huyo si jaji, huyo sultani."

Watu walicheka, kisha macho yote yakanigeukia mimi. Niliwahi kuwa karani wa mahakama, na kwa kijiweni kwetu hilo linatosha kukufanya wakili. Nikasema jibu lake ni refu. "Basi liandike, karani," akasema mzee muuza kahawa, "maana ukilisema hapa kahawa itapoa." Nikaliandika, kisha nikarudi nalo kijiweni kuwasomea.

Kwanza tuelewane kuhusu jambo lenyewe, kwa sababu sisi wa Bara hatuna mazoea nalo. Tunachagua mtu, diwani au mbunge, halafu yeye ndiye anayekwenda kupitisha sheria. Zanzibar walishapiga kura ya maoni tarehe 31 Julai 2010, waamue kama wanataka Serikali ya Umoja wa Kitaifa, na theluthi mbili hivi wakasema ndiyo. Huku kote tulikuwa tuipigie kura Katiba Inayopendekezwa tarehe 30 Aprili 2015, ikaahirishwa, na wengi wetu tumesahau hata tuliweka wapi ile nakala tuliyogawiwa. Lakini Marekani majimbo yapatayo 24 yanaruhusu raia wakusanye saini, wapeleke pendekezo lao kwenye sanduku la kura na kulifanya sheria, au hata sehemu ya katiba ya jimbo, bila kupitia bunge. Ndiko ugomvi huu ulikozaliwa.

Chukua California. Mwaka 1963 bunge la jimbo lilipitisha sheria iliyomkataza mwenye nyumba kumnyima mtu chumba au kukataa kumuuzia nyumba kwa sababu ya rangi yake. Wenye nyumba na madalali wakachachamaa. Wakakusanya saini, na Novemba 1964 wapigakura wakaletewa pendekezo namba 14: katiba ya jimbo itamke kwamba serikali haina ruhusa ya kuingilia haki ya mtu kumkatalia yeyote amtakaye, kwa sababu yoyote aitakayo. Likapita kwa karibu asilimia 65. Jambo la kushangaza ni kwamba siku hiyohiyo watu haohao wa California walimpa ushindi mkubwa Rais Lyndon Johnson, aliyekuwa ametia saini sheria kubwa ya haki za raia miezi minne tu nyuma. Yaani mkono mmoja ulimpigia kura mtu wa usawa, mwingine ukafunga mlango wa nyumba ya kupanga. Wazee wa Tanga hawahitaji kufafanuliwa mlango huo. Enzi za mkoloni Raskazoni ilikuwa ya Wazungu na Ngamiani ya Waafrika, na hakuna aliyehitaji kuuliza kwa nini.

Wanandoa weusi waliokataliwa nyumba ya kupanga mjini Santa Ana walikuwa na kesi mahakamani. Mwenye nyumba akajibu kwa kuonyesha ile katiba mpya: wananchi wamesema. Mahakama Kuu kabisa ya California ikaitupa ibara hiyo mwaka 1966, na Mahakama ya Juu ya Marekani ikakubaliana nayo mwaka 1967, majaji watano kwa wanne.

Watano kwa wanne. Hapo msidhani lilikuwa jambo jepesi, na mimi naona wale wanne walikuwa na hoja. Walisema hivi: jimbo halikulazimika kuwa na sheria ya kukataza ubaguzi wa nyumba. Miaka kumi nyuma halikuwa nayo. Kama lingeweza kukaa bila sheria, kwa nini wananchi wasiweze kuifuta? Jibu la wale watano ni kwamba kufuta sheria ni jambo moja, na kuandika ruhusa ya ubaguzi ndani ya katiba ni jambo jingine. Ukiifuta tu, aliyeumia anaweza kesho kwenda kwa mbunge wake kumwomba airudishe. Ukiiandika kwenye katiba, umemfungia hata huo mlango wa kuombea, na serikali yenyewe imesimama upande wa anayebagua. Tofauti hiyo ni nyembamba, lakini kesi nyingi zilizofuata zimepita juu yake.

Tuje kwenye mfano wa kwetu. Tuseme mtaani tuna chama cha kufa na kuzikana. Katiba yake inasema kila aliyelipa ada atagharamiwa sanda na usafiri. Siku moja wanakaa wanachama 40, na 31 wanapiga kura kwamba watu wa kuja, wale waliohamia Tanga kutoka bara, wasigharamiwe tena, kwani hawa ni waja leo waondoka leo. Katibu mwenye akili atasema: uamuzi wa mkutano hauwezi kuvunja katiba ya chama. Sawa, wale 31 wanasema, basi tunabadili na katiba yenyewe. Wanaibadili. Sasa yule mtu wa kuja, ambaye amelipa ada miaka minane, anatoka nje ya chama anakwenda kwenye sheria ya nchi, ambayo iko juu ya katiba ya chama chochote.

Hizo ni ngazi tatu, na ukitaka kuelewa kesi yoyote ya namna hii, uliza kwanza: wananchi walipigia kura ngazi ipi? Wakipitisha sheria ya kawaida, inapimwa kwa katiba. Wakibadili katiba ya jimbo, inapimwa kwa katiba ya nchi, na Marekani kipimo chenyewe kimo kwenye marekebisho ya 14 ya mwaka 1868, yaliyoandikwa baada ya utumwa kukomeshwa, yanayosema hakuna jimbo litakalomnyima mtu ulinzi sawa wa sheria. Wakibadili katiba ya nchi nzima, jaji hana ngazi ya juu ya kusimamia. Kwa hiyo yule jaji wa fundi hashindani kura na mamilioni. Ameshika mkononi karatasi ambayo mamilioni wengine, kwa utaratibu mgumu zaidi, waliikubali kabla. Kuibadili karatasi hiyo kunahitaji theluthi mbili za kila baraza la bunge la Marekani na robo tatu ya majimbo, ambayo ni majimbo 38. Wengi bado wanaweza kushinda. Ila lazima wawe wengi sana, mahali pengi, na kwa muda mrefu wa kutosha hasira kupoa.

Nilipofika hapo mzee muuza kahawa aliuliza swali ambalo sikulitarajia: "Na kama huyo anayeonewa mwenyewe alipiga kura ya ndiyo?"

Ilitokea. Colorado, mwaka 1962, wapigakura walikubali mpango wa viti vya bunge la jimbo uliowapa watu wa mashamba uzito mkubwa kuliko wa mijini katika baraza moja. Mpango huo ulipata wengi katika kila wilaya ya jimbo, pamoja na mijini ambako kura ya mtu ilikuwa inapunguzwa thamani. Mahakama ya Juu ikaubatilisha mwaka 1964. Jaji Mkuu Earl Warren aliandika kwamba haki ya kikatiba ya raia haiwezi kuvunjwa kwa sababu tu wengi wamechagua ivunjwe. Maana yake ni hii: haki ni ya mtu, si ya wilaya wala ya kundi. Jirani zangu wote wa mtaa wakisema wako radhi kura zao zihesabiwe nusu, hawawezi kuniridhia mimi. Binafsi hii ndiyo kesi inayonisumbua kuliko zote, kwa sababu hapa hakukuwa na wengi wakali na wachache wanyonge. Kulikuwa na watu waliokubaliana, na mahakama ikasema makubaliano hayo hayatoshi.

Colorado ileile ikarudi mwaka 1992. Safari hii wapigakura, asilimia 53 na ushei, waliandika kwenye katiba ya jimbo kwamba serikali wala mji wowote usipitishe kanuni ya kuwakinga mashoga na wasagaji dhidi ya ubaguzi. Najua kwetu hili si jambo la kuzungumzwa kijiweni kwa utulivu, na siku ile kijana alipofika hapo kwenye simu yake aliruka mistari. Mimi nalitaja kwa sababu ya kipimo kilichotumika. Kwa kawaida mahakama za huko huuliza sheria inawagawa watu kwa msingi gani. Ikigawa kwa rangi, inapimwa kwa ukali mkubwa. Ikigawa kwa mengine, kama ukubwa wa biashara au umri wa kustaafu, inatosha serikali kuonyesha sababu yenye mantiki, na mara nyingi inashinda. Mwaka 1996 majaji sita kwa watatu walisema ibara ile haikufaulu hata kipimo hicho chepesi, kwa kuwa ilichagua kundi moja na kulizuia kuomba ulinzi wa aina yoyote popote ndani ya jimbo isipokuwa kwa kubadili katiba. Umeuona ule mlango wa California? Ni uleule.

Fundi hakuwa ameshawishika. "Wazungu wanagombana wenyewe," alisema. "Wengi wape."

Ndipo nikamsomea ya Oklahoma.

Novemba 2010 jimbo hilo lilipiga kura kuhusu swali namba 755, kubadili katiba yake ili mahakama za jimbo zikatazwe kuzingatia sheria ya Kiislamu, yaani sharia. Likapita kwa asilimia 70 hivi. Muislamu mmoja akaenda mahakamani kabla wino haujakauka. Moja ya hoja zake ilikuwa wasia: alikuwa ameandika wasia wake kwa kufuata mafundisho ya dini, na sasa hakuna jaji wa jimbo ambaye angeruhusiwa kuufungua na kuuelewa. Mkatoliki au Myahudi aliyeandika wasia kwa imani yake hakuguswa. Jaji wa shirikisho, Vicki Miles-LaGrange, aliweka zuio ndani ya mwezi huohuo. Alieleza kwamba umma una maslahi katika kuona utashi wa wapigakura unatekelezwa, lakini una maslahi makubwa zaidi na ya muda mrefu katika kulinda haki za kikatiba za mtu mmoja mmoja. Mahakama ya rufani ilimuunga mkono Januari 2012, na mwaka 2013 ibara hiyo ikazuiwa moja kwa moja. Msingi wa hukumu ulikuwa kwamba sheria imeitaja dini moja kwa jina na kuibana peke yake.

Benchi lilinyamaza. Kwa mji wetu, ambako mirathi ni mazungumzo ya kila wiki na kila mtu ana shangazi anayedai fungu lake, asilimia 70 zile zilisikika tofauti kabisa na zile 65 za California. "Hao wengi," mzee mmoja akasema taratibu, "hao wasipewe." Fundi akatazama gurudumu.

Sikumcheka. Sote tuko hivyo. Tunahesabu kura kwa furaha tukiwa upande wa wengi.

Oklahoma hiyohiyo ina kisa cha zamani zaidi kinachoonyesha kwamba hukumu peke yake haitoshi. Mwaka 1910 wapigakura wake waliweka kwenye katiba sharti la kujua kusoma na kuandika kwa kila anayetaka kupiga kura, ila wakamsamehe yeyote ambaye yeye au babu zake walikuwa na haki ya kupiga kura tarehe 1 Januari 1866 au kabla. Soma tarehe hiyo tena. Mweusi wa Marekani, ambaye babu yake alikuwa mtumwa mwaka mmoja tu kabla, angeweza kuwa na babu gani mwenye haki ya kura? Neno rangi halimo humo hata mara moja. Mahakama ya Juu iliibatilisha ibara hiyo mwaka 1915, bila jaji hata mmoja kupinga. Mwaka uliofuata bunge la jimbo likatunga sheria mpya: waliokuwa wakipiga kura tayari waendelee, wengine wawe na siku 12 za kujiandikisha, na asiyewahi ndiyo basi, maisha yake yote. Hiyo nayo ikaja kufutwa mwaka 1939. Kuna mtu aliyezuiwa akiwa na miaka 25 akaipata kura yake akikaribia 50.

Sasa turudi nyumbani, kwani watu hudhani haya ni ya ng'ambo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, kifungu cha 20, inasema mila au uamuzi wowote kuhusu ardhi ya kimila ni batili kwa kiasi unachomnyima mwanamke, mtoto au mtu mwenye ulemavu haki ya kumiliki au kutumia ardhi. Uamuzi wowote. Mkutano mkuu wa kijiji huko Muheza au Pangani ukae chini ya mwembe, watu wazima wote wanyooshe mikono kwamba mjane arudishe shamba kwa ndugu wa marehemu, mikono hiyo yote haina uzito kisheria. Hapo hatuhitaji kwenda Colorado.

Na kabla ya sheria hiyo alikuwapo Jaji Mwalusanya kule Mwanza. Mwaka 1990 aliamua shauri la mwanamke wa Kihaya, aliyeuza shamba la ukoo alilorithi kwa baba yake. Mila iliyoandikwa serikalini tangu 1963 ilimruhusu mwanamume kuuza, mwanamke hapana. Haki za msingi zilikuwa zimeingia kwenye Katiba yetu mwaka 1984, na watu wakaruhusiwa kuzidai mahakamani kuanzia 1988. Ibara ya 13 inasema watu wote ni sawa mbele ya sheria. Jaji akaisoma kama ilivyoandikwa, na mwanamke akawa na haki ileile ya kuuza.

Kubwa zaidi lilikuja mwaka 2016, pale Rebeca Gyumi alipofungua shauri kupinga vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa ya 1971. Vifungu hivyo viliweka miaka 18 kwa mvulana na 15 kwa msichana, na hata 14 kwa kibali cha mahakama. Sheria hiyo ilipitishwa na Bunge, yaani na wawakilishi wetu. Mahakama Kuu ilivitangaza kuwa kinyume cha Katiba na kuipa Serikali mwaka mmoja kurekebisha. Serikali ikakata rufaa, na Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikakubaliana na Mahakama Kuu. Angalia huo mwaka mmoja. Ibara ya 30 ya Katiba yetu inairuhusu mahakama, badala ya kuifuta sheria papo hapo, kuirudisha kwa walioitunga wairekebishe wenyewe. Naipenda namna hiyo kuliko ya Marekani. Jaji anasema kosa liko hapa, na kalamu inabaki kwa aliyechaguliwa.

"Lakini huyo jaji nani alimchagua?" fundi akarudi na swali lake, na safari hii hakuwa anatania.

Hakuna. Majaji wa shirikisho kule huteuliwa na rais, wakathibitishwa na seneti, wakakaa maisha. Hilo ndilo linalowapa ujasiri wa kuwakatalia wengi, na ndilo linalowafanya watu wawatilie shaka. Ndiyo maana mara nyingine mahakama zenyewe zinarudi nyuma. Mwaka 2014 Mahakama ya Juu ya Marekani iliacha isimame kura ya watu wa Michigan iliyokataza vyuo vikuu vya umma kuangalia rangi katika kudahili wanafunzi. Kwetu, Mchungaji Mtikila alipigania mgombea binafsi, yaani haki ya mtu kugombea bila kupitia chama, tangu miaka ya 1990. Alishinda Mahakama Kuu mwaka 1994, Bunge likabadili Katiba kulizuia jambo hilo, akashinda tena, na mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ikasema kwamba haina mamlaka ya kuitangaza ibara ya Katiba kuwa kinyume cha Katiba. Ngazi zilikuwa zimeisha. Akapanda ngazi nyingine ya nje, Mahakama ya Afrika pale Arusha, nayo mwaka 2013 ikasema haki zake zimevunjwa.

Uswisi wana yote mawili, mahakama iliyoingia na mahakama iliyoshindwa. Katika jimbo dogo la Appenzell Innerrhoden, wanaume walikuwa wakikutana uwanjani kila mwaka kupiga kura kwa kunyoosha mikono, upanga kiunoni ukiwa ndio kitambulisho chao. Aprili 1990 walikataa tena kuwapa wanawake kura. Novemba mwaka huohuo mahakama ya shirikisho ikasema imetosha: Waswisi walishaandika usawa wa mume na mke kwenye katiba ya nchi mwaka 1981, na jimbo haliwezi kukaa nje yake. Mwaka uliofuata wanawake walisimama uwanjani.

Lakini mwaka 2009 Waswisi hao, asilimia 57 na nusu, waliandika kwenye katiba ya nchi yenyewe kwamba ni marufuku kujenga minara ya misikiti. Nchi nzima ilikuwa na minara minne. Hiyo ni ngazi ya juu kabisa, na katazo lipo mpaka leo.

"Kwa hiyo mahakama ya huko imekaa tu?" aliuliza mzee muuza kahawa.

"Haina pa kusimama, mzee wangu."

"Wafanyeje basi hao Waislamu wa huko?"

"Wakusanye saini 100,000 ndani ya miezi 18, kura ipigwe tena."

"Wako wangapi katika kila watu 100?"

"Kama watano hivi."

Fundi alikuwa ameshika gurudumu, vidole vyake vimejaa grisi. Aliviangalia vile vitano vya mkono wa kushoto, akatazama benchi lote, kisha akaomba aongezewe kahawa.